Uniti za LUKU zinakimbia: ni friji yangu, mita, au nini?

"Naishi Arusha, nyumba ya kupanga, tuko wapangaji watatu kwenye mita moja ya LUKU. Kila mmoja anatoa 10,000, tunanunua umeme wa 30,000 kwa mkupuo mwanzo wa mwezi. Hadi Mei ulikuwa unafika wiki nne. Tangu Juni unaisha siku ya 18. Kila ukikatika nasemwa mimi, kwa sababu ndiye mwenye friji (ndogo, mlango mmoja). Kijana wa chumba cha mbele ana televisheni na sabufa inayotikisa madirisha mpaka usiku. Chumba cha nyuma amehamia mama mwenye mtoto mchanga, lakini yeye ana taa na simu tu. Wapo wanaosema mita iliharibika tangu tulipoingiza zile namba nyingi mwaka 2024. Wengine wanasema ukinunua kidogo kidogo unaibiwa. Sasa nimeanza kuzima friji usiku, na maziwa yananiharibikia. Nifanyeje?"

Dada yangu, kabla ya yote, rudisha friji kwenye soketi. Ukiizima usiku, asubuhi inakimbia mfululizo kurudisha ubaridi ule ule ilioupoteza. Unachookoa ni kidogo sana, na maziwa umeshayamwaga.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani, na nusu ya simu ninazopigiwa si za nyaya, ni za ugomvi kama huu wenu. Karibu mara zote nakuta watu wanabishana kwa shilingi. Mita haijui shilingi, inajua uniti. Basi tuhamie huko, maana wewe umenipa namba nzuri ambazo watu wengi hawanipi: fedha, na siku.

Uniti moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Kifaa cha wati 100 kitaimaliza kwa saa kumi. Bei ya kawaida ya nyumbani iliyopangwa 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) asilimia 1, kwa hiyo uniti inakufikia kwa kama shilingi 356. Halafu kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Toa 1,500 kwenye 30,000 yenu, gawa kwa 356. Unapata uniti 80.

Fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni uhakikishe. Vyote vimeandikwa pale: uniti, kodi, makato. Ukikuta uniti pungufu sana na kuna mstari wa deni, basi umepata jibu lingine kabisa, na huna haja ya kuendelea kusoma. Nenda kaulize hilo deni ni la nani.

Hapo ndipo pia linapozaliwa lile neno la "ukinunua kidogo kidogo unaibiwa". Kodi inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Mtu akinunua umeme wa 2,000 tarehe mosi, 1,500 inaondoka na kodi, anabaki na uniti moja na kitu, anapiga kelele nyumba nzima. Akinunua 2,000 nyingine kesho yake anapata uniti tano na nusu. Bei ya uniti ni ile ile. (Na kwa kuwa tumeigusa: kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Ninyi mnamlipia tu kwa sababu LUKU iko mikononi mwenu. Mna haki ya kukaa naye mkatane kwenye pango, ingawa najua 1,500 ikigawanywa kwa watatu wengi huona haya kuidai.)

Haya, uniti 80 kwa siku 28 ni uniti 2.9 kwa siku. Uniti 80 hizo hizo kwa siku 18 ni 4.4 kwa siku. Tofauti ni uniti moja na nusu na ushee, kila siku. Swali lako la kweli limekuwa dogo: ni kitu gani kilichoingia nyumbani kwenu Juni kinachokula kama uniti 1.6 kwa siku?

Friji haikuingia Juni. Ilikuwepo Mei na umeme ulifika. Friji ndogo ya mlango mmoja, mpira wake ukiwa mzima, hula chini ya uniti moja kwa siku, na kwa Arusha msimu huu wa baridi inakula pungufu, kwa sababu mota yake inapumzika muda mrefu zaidi. Ukitaka kuwa na uhakika, fungia noti ya 1,000 kwenye mlango kisha ivute. Ikichomoka bila ubishi, mpira umelegea na baridi inavuja, badilisha. Ikikataa, uko salama.

Sabufa nayo, naomba nimtetee kijana ingawa simpendi kwa ajili ya madirisha yako. Sabufa ya nyumbani ikipigwa kwa sauti ya kawaida ya kukera majirani hula kama wati 40 hadi 60. Saa nne za muziki hazifiki robo ya uniti. Televisheni bapa ya inchi 32 ni kama wati 50. King'amuzi chake, ambacho hakizimwi kamwe na hakuna anayekisema, kinaweza kula wati 10 mchana na usiku, na kwa mwezi hizo ni uniti 7. Akikizima kwenye soketi wakati wa kulala mtapata faida kuliko kumwambia apunguze muziki. Mwambieni apunguze muziki pia, lakini kwa sababu ya usingizi. Kelele hazina uniti.

Simu ndizo zinazonichekesha. Nimeona nyumba watu wamenuniana kwa sababu fulani anachaji simu mbili. Kuijaza simu yenye betri kubwa ya 5,000 kunakula kama uniti 0.025. Ichaji kila siku mwezi mzima, hujafika uniti moja. Hata shilingi 300 haifiki.

Kuhusu namba za 2024: ziliwatisha wengi, na sielewi kwa nini hazikuelezwa vizuri zaidi mitaani. Kila tokeni ya tarakimu 20 ina saa ndani yake, yaani imefichwa muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, ili tokeni ya zamani isiingizwe mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika milioni 16.7 na kidogo. Piga hesabu, ni karibu miaka 32, na ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita zote za malipo ya kabla zilizohesabu tangu 1993, duniani kote, zilitakiwa kuingizwa namba maalumu kabla ya siku hiyo, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Ndiyo maana mlipewa mafungu matatu: mawili ya kuirekebisha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Sehemu ya mita inayopima umeme haikuguswa. Na wewe mwenyewe umesema hadi Mei mwaka huu uniti zilikuwa zinafika. Mita gani inayoibiwa akili 2024 ikasubiri Juni hii ndiyo ianze kukimbia?

Basi tumebaki na nini? Baridi ya Juni, na mtoto mchanga.

Sijaingia kwenye chumba cha nyuma na sitaki kumsingizia mtu. Ila uliposema "ana taa na simu tu" nikajiuliza huyo mtoto anaogeshwa na maji gani. Kuna kitu watu hawakihesabu kuwa ni kifaa cha umeme: hita ya ndoo, ile koili yenye mshikio wa plastiki inayouzwa kando ya barabara. Ikishatumika inatundikwa nyuma ya mlango, mgeni haioni. Lakini nyingi ni za wati 1,000 hadi 2,000. Na maji yana ubishi. Hakuna kitu nyumbani kinachokataa kupata joto kama maji. Ndoo ya lita 20, kutoka ubaridi wa bomba la Arusha alfajiri hadi joto la kuoga, inataka zaidi kidogo ya nusu uniti. Hita kubwa itaichemsha haraka na ndogo itachelewa, ila uniti zitakuwa karibu zile zile. Ndoo moja asubuhi ya mtoto na nepi, moja jioni, moja ya mama mzazi mwenyewe kujikanda. Ndoo tatu ni uniti 1.6 au 1.7.

Umeona namba ilivyorudi?

Hata hivyo usitoke hapo ukamgongee mlango. Hesabu yangu inasema inawezekana, haisemi ndivyo. Huenda na wewe siku hizi unachemsha ya kuoga kwa jagi la umeme, na kijana naye. Na kuna uwezekano wa tatu ambao ni wa hatari, umeme unaovuja ukutani. Huo lazima muuondoe kwanza, na kipimo chake ni cha bure.

Chagua Jumamosi mchana, wote wakiwepo, mbele ya mita. Tafuta taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara hizo, uniti moja imekwisha. (Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mna rimoti tu, angalia kama rimoti nayo ina taa hiyo. Usipande nguzo.) Sasa kila mtu azime na kuchomoa kila kitu chumbani kwake, friji yako ikiwemo. Rudini mtazame taa kwa dakika kumi. Ikiwa imezimika, au inawaka tu bila kupepesa, nyaya zenu hazili kitu. Ikiendelea kupepesa wakati hakuna kilichowashwa, zima meni swichi. Ikikoma, uvujaji uko ndani ya nyumba: waya uliochubuka kwenye ukuta wenye unyevu, soketi ya nje iliyoingia maji, taa ya chooni. Isipokoma hata meni swichi ikiwa imezimwa, tatizo liko kati ya mita na swichi, au kuna mtu amejiunganishia, na hapo mkono wa fundi wa mtaani haupaswi kufika. Piga simu TANESCO, shirika la umeme.

Mkimaliza hilo, pimeni mita yenyewe. Washeni jagi la umeme peke yake, tazama wati zake chini ya kitako, tuseme 2,000. Kwa mita ya 1000 imp/kWh taa inapaswa kupepesa kama mara 33 kwa dakika, kwa ile ya 1600 kama mara 53. Ikipepesa pungufu, msishtuke, umeme wenu una nguvu ndogo saa hiyo na jagi nalo linakula pungufu. Ikipepesa zaidi sana, tuseme 45 mahali pa 33, na mmerudia mara tatu kwa vifaa viwili tofauti, hapo mna malalamiko ya kweli. Andikeni namba ya mita na mlichokiona, mwombe mita ikaguliwe. Katika miaka yangu nimeshuhudia mita mbovu, siwezi kusema hazipo. Lakini kwa kila moja nimekuta hita nyingi sana nyuma ya milango.

Kisha, kila chumba kiwashe vitu vyake kwa zamu huku wengine wamezima, mhesabu pamoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba taa haina upande. Mama akiona mwenyewe taa inavyokimbia hita ikiwa ndani ya ndoo, hutahitaji kusema neno. Nakuomba tu, msimfanyie kikao cha kumkanya. Mtoto mchanga haogi maji ya bomba mwezi wa Juni huko kwenu, na hakuna atakayemwambia amwogeshe. Kinachotakiwa ni mgawanyo mpya wa fedha, labda kwa miezi hii ya baridi tu. Uniti 1.6 kwa siku ni kama shilingi 570, yaani 17,000 kwa mwezi. Hiyo haiwezi kubaki kwenye mchango wa 10,000 sawa kwa sawa. Lakini na friji yako, kwa haki, ina uniti 20 na zaidi kwa mwezi ambazo wenzako wanakuchangia muda wote huu.

Mtasikia mtu anashauri ahamie kwenye gesi kwa ajili ya maji. Pigeni hesabu kwanza. Gesi ya kilo 6 ina joto la uniti kama 77, ila karibu nusu hupotelea pembeni mwa sufuria. Maji yanapata kama uniti 40, ambazo kwa umeme mngezilipia 14,000 na kidogo. Kama kujaza mtungi huo kwenu ni zaidi ya hapo, hita ya umeme ndiyo nafuu, hata kama inauma kuiangalia. Kinachopunguza kweli ni kuchemsha maji machache: mtoto mchanga haoshwi kwa lita 20, lita 6 au 7 zinamtosha. Funika ndoo. Mchana wa jua, weka maji kwenye dumu jeusi nje tangu saa nne.

Na huku mkihangaika na hita, nendeni mkatazame taa ya nje. Kama bado ni balbu ya zamani ya wati 60 na inawaka kwa muda wa saa 12, inawala uniti 0.7 kila usiku. Ya LED ya wati 9 inakula 0.1. Tofauti kwa mwezi ni uniti 18, zaidi ya shilingi 6,000, kwa kubadili balbu moja ambayo siyo ya mtu na ndiyo sababu hakuna anayeibadili.

Suluhisho la kudumu zaidi ni kila chumba kuwa na mita ndogo ya kuhesabu, zinauzwa maduka ya vifaa vya umeme. Mnanunua LUKU kama kawaida, mwisho wa mwezi mnasoma nani ametumia ngapi. Mwenye nyumba akubali, na zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kuna njia kubwa kuliko hiyo, kila mmoja kuwa na LUKU yake, na hapa kuna jambo linaloniuma kwa niaba ya wapangaji. Mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi ana bei yake ya chini, shilingi 100 kwa uniti, ambayo na makato inakuwa 122. Kila mmoja wenu, peke yake, yumo humo. Mkikaa watatu kwenye mita moja mnavuka 75 na kulipa 356. Yaani uniti zenu 80 za zamani, zingegawanywa kwenye mita tatu za bei hiyo, zingegharimu chini ya 10,000 kwa wote. Tatizo ni kwamba kuunganishiwa mjini, ndani ya umbali wa mita 30 bila nguzo, kulirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022, na kundi la bei hupangwa na shirika kwa kuangalia matumizi, si la kujichagulia. Kwa matumizi yenu ya sasa fedha hiyo ingekurudia baada ya miaka miwili na nusu hivi. Kwa nyumba ya kupanga mimi nisingetoa mfukoni mwangu, labda mwenye nyumba akubali kuikata kwenye pango. Muulizeni, wengine wanakubali kwa sababu nyumba yenye LUKU za kujitegemea inapangishika haraka.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri Jumamosi. Mtu yeyote hapo akigusa bomba, friji au ukuta akahisi umeme, au mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, au soketi ikiwa ya moto, zimeni meni swichi na muite fundi siku hiyo hiyo. Na huyo mama, kama ana hita ya ndoo, mfikishie haya wewe mwenyewe leo, kwa upole, hata kabla ya kuzungumzia fedha: atumie ndoo ya plastiki, si ya bati, koili iingie majini kwanza ndipo awashe, na asijaribu maji kwa kidole kabla ya kuzima na kuchomoa soketi. Ndoo iwe juu ya kitu ambacho mtoto wa jirani hawezi kufikia. Hita hizo zinaua, na mara nyingi zinamuua anayepima kama maji yamepata.